Mlango wa Kutokea: Wapangaji wa Glasgow, 1886 hata 1915

Saa sita ya mchana, tarehe 28 Mei, ndiyo saa iliyowekwa na sheria ya 1886 kwa mpangaji wa Uskoti kuitoka nyumba aliyoiacha na kuingia katika nyumba aliyoipata. Siku hiyo njia za Glasgow zilijaa mikokoteni iliyochukua vitanda, meza, masufuria na watoto wadogo. Mgeni aliyewaona watu hawa angedhani kwamba hapana raia waliokuwa huru kuhama kama wao. Kumbe walihama siku moja kwa sababu siku nyingine hawakuweza.

Nyumba nyingi za wafanya kazi mjini humo zilikodishwa kwa mwaka mzima. Barua za mapatano zilitiwa sahihi mapema, aghalabu mwezi wa Februari, miezi mitatu au minne kabla ya siku ya kuingia. Mtu aliyefanya kazi ya kuunda meli kando ya mto Clyde alilipwa ujira wake kwa juma au kwa majuma mawili, na kazi yake iliweza kukoma kwa ilani fupi. Basi ujira ulihesabiwa kwa majuma na kodi ikahesabiwa kwa mwaka. Aliyeachishwa kazi mwezi wa Oktoba, naye akasikia kwamba iko kazi katika mji mwingine, alikuwa bado na deni la nyumba hata Mei. Wala nyumba yenyewe haikuwa kasri. Katika hesabu ya watu ya 1911, zaidi ya nusu ya watu wa Glasgow walikaa katika makao ya chumba kimoja au viwili, ndani ya majumba marefu ya mawe ambayo jamaa nyingi zilishirikiana ngazi, na mara nyingi choo pia.

Mwenye nyumba alikuwa na silaha mbili za kumzuia mpangaji asitoke. Ya kwanza ilikuwa haki ya kale ya sheria ya Uskoti, iliyovifanya vyombo vya mpangaji kuwa kama rehani ya kodi yake. Kwa haki hiyo mwenye nyumba aliweza kuomba korti ivishike vyombo hata kwa kodi ambayo siku yake ya kulipwa haijafika. Na vikiwa vimekwisha kutolewa, aliweza kupata amri virudishwe nyumbani. Kiti cha mpangaji kilikuwa mfungwa kabla ya mpangaji mwenyewe. Silaha ya pili haikuandikwa katika sheria yo yote. Wenye nyumba wengi hawakuonekana na wapangaji wao. Kazi ya kukodisha, kukusanya fedha na kufukuza ilifanywa na mawakala. Mpangaji aliyetaka nyumba mpya alitakiwa kuonyesha barua ya wakala wa nyumba ya zamani, yenye kushuhudia kwamba alilipa vema na kukaa kwa adabu. Wakala aliyekasirika hakuwa na haja ya kwenda kortini. Alinyima karatasi hiyo, basi. Ndiyo sababu wengine walihama usiku, mwanga wa mwezi ukiwa ndio taa yao, wakabeba walichoweza kubeba na kuacha deni nyuma. Waheshimiwa wa mji waliuita wizi. Lakini sheria inayomfungia mtu mwaka mzima katika chumba kimoja, ilhali kazi yake haina hakika ya mwezi mmoja, haiwezi kustaajabu ikiona dirisha limefunguliwa.

Malalamiko yalikuwa ya miaka mingi. Kamati iliyoongozwa na Lord Guthrie ilichunguza jambo hili na kutoa taarifa yake mwaka 1907, na mwaka 1911 Bunge likapitisha sheria iliyowawezesha wapangaji wa nyumba ndogo kupanga kwa muda mfupi, kwa mwezi au hata kwa juma. Mwaka huo huo haki ya kushika vyombo ilipunguzwa makali. Wapangaji walishangilia, nao walikuwa na haki ya kushangilia: mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa.

Walakini mlango ni mmoja kwa anayetoka na kwa anayetolewa. Mapatano ya mwaka, pamoja na ubaya wake wote, yalikuwa yamemfunga mwenye nyumba pia. Kodi iliyoandikwa Februari haikuweza kupandishwa kabla ya mwaka kwisha. Sasa, madhali mpangaji aliweza kuondoka kwa ilani fupi, mwenye nyumba naye aliweza kupandisha kodi kwa ilani fupi, na asiyekubali akaambiwa ahame. Tena sheria ile ile ilimpa njia ya haraka ya kuwatoa wenye deni: aliyechelewesha kodi kwa siku 7 aliweza kupewa ilani ya saa 48. Wakati wa amani, nyumba tupu zilipokuwa nyingi, hatari hii haikuonekana sana.

Vita vya 1914 viliifunua. Maelfu ya watu walikuja Govan, Partick na mahali pengine pa Glasgow kuunda meli na silaha, nyumba mpya hazikujengwa, kodi zikapanda. Ni haki kusema kwamba wenye nyumba wengi hawakuwa matajiri wakubwa. Walikuwa wamekopa fedha za kununulia majumba, na riba ya mikopo ilikuwa ikipanda pia. Lakini mwanamke ambaye mumewe yuko vitani Ufaransa hakuweza kulipa riba ya mtu mwingine.

Wanawake ndio walioanza. Chama chao cha nyumba kilikuwa kimeundwa mwaka 1914, na katika Govan kiongozi wao alikuwa Mary Barbour, mke wa mfanya kazi, aliyezaliwa Kilbarchan mwaka 1875. Hawakukataa kulipa kodi, walikataa nyongeza. Tofauti hiyo ilikuwa kiini cha shauri lao, kwa maana waliendelea kutoa kodi ya zamani na kujiita wapangaji halali. Matarishi wa korti walipokuja kutoa watu, kengele ililia, wanawake wakaacha nguo katika mapipa ya kufulia na unga juu ya meza, wakajaza ngazi nyembamba zile mpaka tarishi asipate pa kuweka mguu. Aliyejaribu kupita alirudi mweupe kwa unga. Majumba yaliyojengwa kwa kubana watu yakawa ngome kwa sababu hiyo hiyo ya kubana.

Mawakala waliposhindwa mlangoni walikwenda kortini, ili deni likatwe katika mishahara. Tarehe 17 Novemba 1915 wapangaji 18 waliitwa mbele ya hakimu wa madeni madogo. Wafanya kazi wa meli waliacha zana zao, wakaandamana pamoja na wanawake mpaka barabara za kandokando ya korti zikajaa. Habari zilipelekwa kwa Lloyd George, waziri wa silaha, na mashtaka yakaondolewa siku hiyo hiyo. Mwezi uliofuata Bunge lilipitisha sheria iliyorudisha kodi za nyumba ndogo kwenye kiasi cha Agosti 1914, ikazuia pia riba ya mikopo isipandishwe, na kumkataza mwenye nyumba kumtoa mpangaji anayelipa na kutunza masharti, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa.

Wanahistoria wengi hutazama kodi tu katika sheria hii. Jambo la mlango halikuwa dogo kuliko hilo. Mpangaji alibaki na uhuru wake wa 1911 wa kutoa ilani na kwenda zake. Mwenye nyumba alipoteza uhuru wa kufanya vivyo hivyo pasipo kueleza sababu mbele ya hakimu. Kwa mara ya kwanza mlango ulifunguka kwa upande mmoja. Sheria ilikusudiwa kudumu muda wa vita na miezi 6 baadaye, lakini iliongezwa na kubadilishwa tena na tena, na udhibiti wa kodi ukaendelea Uingereza hata miaka ya 1980. Mfano wake ulifika makoloni pia: sheria ya Kenya ya 1959 ya kudhibiti kodi ilichukua wazo lile la kodi ya kadiri iliyowekwa, na kumtaka mwenye nyumba aombe idhini kabla ya kumwondoa mpangaji.

Mary Barbour alichaguliwa katika baraza la mji wa Glasgow mwaka 1920. Wakati huo baraza lilikuwa limekwisha kuanza kujenga nyumba zake na kuzikodisha kwa wafanya kazi, hata yule aliyezuia ngazi za Govan akawa anakaa katika meza ya mwenye nyumba.