Kusukuma Posti Kibera na Kawangware

Kabla ya 2009, Kibera, mtaa wa Nairobi, ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za umma. Mwaka huo vijana wa mtaa waliichora wenyewe kupitia mradi wa Map Kibera. Mwaka wa 2010 ikaongezwa tovuti ya Voice of Kibera, pamoja na Kibera News Network iliyopakia video zake YouTube. Pamoja FM ilikuwa imeshaanza kutangaza 2007. Haja ya wote hao ilikuwa mtaa usikike kwa kauli ya wakaaji wake, na mtandaoni haikuhitaji ufundi mwingi: habari mpya ilikaa juu, iliyotangulia ikashuka.

Utaratibu huo haukudumu kwenye mitandao ya kijamii. Mwishoni mwa 2009 Facebook ilianza kutanguliza posti zenye mvuto badala ya zile za karibuni, na Januari 2018 ikatangaza kwamba mazungumzo ya jamaa na marafiki yatapewa kipaumbele kuliko kurasa za habari na biashara. Kwa mwenye ukurasa wa mitumba, kutupia picha na kungoja simu hakukutosha tena.

Nairobi ikazaa kazi mpya: kutrendisha. Ripoti ya wakfu wa Mozilla iliyoandikwa na Odanga Madung na Brian Obilo, Septemba 2021, ilieleza jinsi vijana walivyopokea maagizo katika makundi ya WhatsApp, wakarusha hashtegi moja kwa pamoja Twitter, kisha wakalipwa kwa M-Pesa. Malipo yalikuwa kama dola 10 hadi 15 kwa kampeni tatu za siku, nyingi zikiwa za siasa. Ulikuwa ufundi wa kuihadaa algoridhimu inayopanga posti kwa mikono ya watu, na ulifaulu mno.

Upande wa kuzifunza mashine nao ulikuwa na watu wa Kibera. Kampuni ya Samasource, iliyoanzishwa na Leila Janah mwaka wa 2008 na baadaye kuitwa Sama, iliajiri vijana wa mtaa huo kuweka alama kwenye picha za kufunzia kompyuta. Mwaka wa 2018 malipo yalitajwa kuwa dola 9 hivi kwa siku. Baadaye wafanyakazi wake jijini walisoma matini ya kutisha ili OpenAI ipate kichujio cha lugha chafu, kwa chini ya dola 2 kwa saa, kama jarida la TIME lilivyofichua Januari 2023. ChatGPT, chombo cha akili unde cha OpenAI, kilikuwa kimetoka Novemba 2022, na kwa hiyo chombo ambacho muuzaji wa soko la Toi au Kawangware sasa hukitumia bila malipo kina jasho la majirani zake.

Matumizi yenyewe ni mepesi. Mtu huomba vichwa kumi vya video moja, hashtegi na saa ya kupakia, kisha huchagua. Lakini ChatGPT haioni ndani ya TikTok wala Facebook; hukisia tu kutokana na yale iliyoyasoma. Ushahidi bora zaidi wa jinsi posti zinavyopangwa ulitoka Twitter yenyewe, ilipoweka wazi sehemu ya msimbo wake Machi 2023. Katika hesabu zilizofuata, uwezekano wa posti kupendwa ulipewa uzito wa 0.5, kusambazwa tena 1, kujibiwa 13.5, na jibu ambalo mwenye posti ameliitikia 75. Kwa kipimo hicho, kuongea na mteja mmoja kunashinda mapambo yote ya hashtegi.

Udhaifu mwingine ni lugha. Vyombo hivi vimelishwa Kiingereza kwa wingi kuliko Kiswahili, na Sheng kwa uchache zaidi. Akili unde isiyosahihishwa huuza viatu vya mtumba kwa sauti ya tangazo la benki. Tena wanaouliza swali moja hupewa majibu yanayofanana, na posti zao huishia kupangwa pamoja zikiwa hazina tofauti. Bei ya kiatu, saizi yake na maelekezo ya kushuka kituo cha Kawangware 46 bado huandikwa na muuzaji mwenyewe.