Zilipendwa na Nani? Dansi, Disko na Uhuru wa Kariakoo

Wastaafu wa bandari, makatibu muhtasi wa zamani na hata baadhi ya wabunge husema jambo moja pindi mazungumzo yanapogusa Dar es Salaam ya ujana wao: tulikuwa na raha. Ukiwauliza lini, watakutajia miaka ya sabini na sehemu ya themanini. Suruali za bugaluu, viatu vya raizoni, nywele za afro, ukumbi wa DDC Kariakoo ukiwa umejaa hadi ukutani, disko la Mbowe katikati ya mji, kisha kurudi Ilala au Magomeni kwa miguu usiku wa manane. Kijana anayewasikiliza huondoka akiamini kwamba Tanzania ya Azimio la Arusha ilikuwa nchi ya uhuru wa mwili na wa muziki. Mwenzake aliyeketi maktaba akasoma magazeti ya wakati huohuo huondoka na picha nyingine kabisa, ya nchi ya marufuku.

Wote wawili wana ushahidi, na ndiyo sababu ninaandika. Tunapoikumbuka enzi ile tunachanganya raha mbili zilizokuwa na asili tofauti: moja ilikuwa na mwenyewe, nyingine haikuwa naye. Dola iliilea ya kwanza na kuiwinda ya pili. Tusipozitenganisha, tutaendelea kuwasimulia vijana wetu hadithi nusu.

Tuanze na 1968. Mwanzoni mwa Oktoba mwaka huo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 vimini, mawigi, vipodozi vya kuchubua ngozi na suruali za kubana vingekuwa mwiko, kwa madai kwamba vinadhalilisha utamaduni wa taifa. Wapo ambao hawakungoja Januari. Siku chache baada ya tangazo, makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake waliovaa vimini katika eneo la kituo cha mabasi Kariakoo, na polisi wakalazimika kuingilia kati. Wengi wa wanawake waliokuwa wakipita hapo kila siku walikuwa wafanyakazi: makarani, wapiga chapa, wauzaji wa dukani. Mtaani watu wa tabaka hilo jipya la ofisini waliitwa manaizi, neno lililochongwa kutoka katika sera ya kuwapa Waafrika nafasi zilizokuwa za Wazungu na Wahindi. Msichana mwenye mshahara wake na sketi yake aliyoinunua mwenyewe alikuwa kitu kigeni mjini, na sidhani kama hasira ile ilikuwa juu ya urefu wa kitambaa tu.

Magazeti ya wakati huo, yakiwemo Uhuru, Ngurumo, The Nationalist na The Standard, yalifurika barua. Ninawasihi wanafunzi wa historia wazisome, kwa maana ni mjadala mpevu kuliko mingi tunayoisikia leo. Waliounga mkono operesheni walizungumzia heshima. Waliopinga waliuliza maswali magumu: suti na tai za viongozi zilitoka kijiji gani? Kama mavazi ya asili ndiyo kipimo, je, si kweli kwamba makabila mengi yaliacha sehemu kubwa ya mwili wazi kuliko kimini chochote? Swali la mwisho lilikuwa na makali ya pekee, kwa kuwa katika miaka hiyohiyo serikali ilikuwa ikiwashinikiza Wamasai waache mashuka yao na kuvaa suruali ili wafanane na watu wa kisasa. Kaskazini mwananchi alikosea kwa kuwa wa kale mno, na Kariakoo alikosea kwa kuwa wa kisasa mno.

Mwaka uliofuata ikaja zamu ya muziki. Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, ambaye mkoa wake wakati huo ulijumuisha Dar es Salaam, alipiga marufuku muziki wa soul jijini. Hoja rasmi ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa, pamoja na hofu kwamba wasichana wa shule walikuwa wakiharibiwa katika madansi hayo. Hoja ya utamaduni ilikuwa na nasaba ndefu. Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuanza urais, Mwalimu Nyerere alieleza kwa nini anaunda wizara ya utamaduni na vijana, akiwakumbusha Watanganyika kwamba wengi wao walizijua rumba na twisti kuliko ngoma za wazee wao.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watulie kidogo. Rumba aliyoitaja Mwalimu haikufa. Ilipewa mishahara. Mwaka 1964 jumuiya ya wafanyakazi, NUTA, ilianzisha bendi yake, na jeshi, polisi, Jeshi la Kujenga Taifa pamoja na Umoja wa Vijana wenyewe wakawa na bendi zao. Muziki uliopigwa humo ulikuwa mtoto wa sahani za Kikuba na wa magitaa ya Kongo, ukiimbwa kwa Kiswahili na kupewa mitindo yenye majina ya kwetu. Hakuna mkuu wa mkoa aliyeupiga marufuku kwa kuwa umetoka Havana au Kinshasa. Kwa hiyo ugeni peke yake haukuwa kosa la soul. Nionavyo mimi, kosa lake lilikuwa kukosa mwenyewe. Bendi ya NUTA ilikuwa na ofisi ya kuiita, katibu wa kumwuliza, mwajiri aliyemiliki magitaa na vipaza sauti, na nyimbo zake zilipita Radio Tanzania ambako zilikaguliwa kabla ya kurekodiwa. Vijana wenye sahani za James Brown na kiwambo cha kukodi hawakuwa na katibu.

Nisieleweke vibaya. Utaratibu ule wa bendi za umma ulizaa muziki mkubwa. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara wa kila mwezi, jambo ambalo msanii wa leo hulisikia kama ngano. Mwaka 1978 shirika la usafiri na teksi, TTTS, liliunda Mlimani Park Orchestra, ikiwavuta watu kama Muhidin Maalim Gurumo, Abel Balthazar na Michael Enoch. Ilipofika 1983 bendi hiyo ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, lenye kumbi zake. Ushindani wake na bendi ya zamani ya NUTA, wakati huo ikiitwa Juwata, yaani Sikinde dhidi ya Msondo, uliigawa Kariakoo karibu kama Simba na Yanga walivyoigawa. Fikirini maana yake: shirika la umma lilimiliki ukumbi, bendi na bia, na mfanyakazi wa kima cha chini aliweza kuingia, akacheza hadi usiku mwingi, na kesho yake akamjadili mwimbaji kazini. Hiyo ilikuwa huduma ya jamii, ingawa hakuna mpango wa maendeleo ulioiita hivyo.

Raha ya pili ilikuwa upande mwingine wa Mnazi Mmoja. Mji wa kikoloni uligawanywa kwa kanda, na uwanja ule wazi uliachwa makusudi baina ya mtaa wa biashara wa Wahindi na makazi ya Waafrika ya Kariakoo. Uhuru uliondoa sheria, lakini miguu ya watu iliendelea kuuhisi mpaka. Dansi lilikuwa Kariakoo, Ilala na Magomeni. Sinema za Empire, Avalon na Odeon, hoteli, na baadaye madisko, vilikuwa mjini. Kijana wa Mtaa wa Kongo aliyeoga, akavaa raizoni na kuvuka Mnazi Mmoja jioni ya Jumamosi alikuwa anafanya jambo ambalo babu yake angeulizwa anakwenda kufanya nini huko.

Katikati ya pande hizo mbili kulikuwa na bugi, yale madansi ya mchana ya mwisho wa juma ambamo bendi za vijana zilipiga soul na roki bila kujali sana amri ya 1969. Kuna jambo la kufurahisha hapa: marufuku ya mkuu wa mkoa ilidumu midomoni kuliko miguuni. Miaka michache baadaye Dar es Salaam ilikuwa na Sunburst, bendi iliyokusanya wanamuziki kutoka nchi kadhaa, ambayo mwaka 1976 ilitoa albamu ya Ave Africa, yenye soul na funki ndani yake bila kificho. Afro 70 ya Patrick Balisidya, iliyochota pia katika pop ya wakati ule, ndiyo iliyoiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC huko Lagos mwaka 1977. Kilichopigwa vita mjini kikasafiri nje na bendera.

Disko lenyewe lilizaliwa katika uhaba, na uhaba ule unaeleza mengi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na hakuna afisa ambaye angetoa kibali cha kuagiza sahani za disko wakati hospitali hazina dawa. Hivyo muziki uliingia mfukoni: kwa mabaharia, kwa wanafunzi waliorudi kutoka Ulaya, kwa kanda zilizonakiliwa hadi sauti ikafifia. Magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kuokoa petroli, kwa hiyo mwenye Peugeot na mpanda basi la UDA walitembea kwa miguu barabara ileile. Wanaoikumbuka Dar es Salaam kama mji wa usawa hawadanganyi. Wanasahau tu kwamba sehemu ya usawa huo ilitokana na kukosa mafuta.

Na wanasahau 1983. Mwaka huo, baada ya msako wa wahujumu uchumi, ilikuja sheria ya nguvu kazi. Watu wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa mitaani Dar es Salaam ili wapelekwe vijijini na mashambani. Eneo la kukamatia lilikuwa lilelile la kuchezea: Kariakoo, vituo vya mabasi, nje ya mabaa. Mwanamume aliyekutwa usiku aliulizwa kazi yake. Mwanamke aliulizwa kazi yake na mume wake. Msichana aliyekwenda dansi bila kaka wala mchumba alikuwa tayari nusu mshtakiwa, na simulizi za raha tunazozisikia redioni ni nadra kutoka kinywani mwake. Tazameni ni nani hasa anayealikwa kusimulia zilipendwa. Ni mwanamume aliyepiga gitaa, au mwanamume aliyecheza. Neno lenyewe limejengwa bila mtenda: zilipendwa, lakini hatuambiwi na nani.

Raha zote mbili zilikwisha kwa njia zisizolingana. Ile iliyokuwa na mwenyewe ilianza kulegea mwenyewe alipoishiwa. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliwavuta Gurumo na Abel kutoka Mlimani kwenda Safari Sound, dalili kwamba fedha binafsi sasa zilikuwa na nguvu kuliko daftari la mishahara la shirika. Sera za soko huria zilipokomaa, mashirika yaliyofadhili bendi yalibinafsishwa, yalifilisika au yaliona aibu kumiliki magitaa. Ile isiyokuwa na mwenyewe ilipata mwenyewe. Disko la Mbowe lilikuja kuwa klabu ya Bilicanas, yenye kiingilio na walinzi mlangoni, katika jengo la Shirika la Nyumba la Taifa, hadi shirika hilo lilipoitoa nje mwaka 2016 katika mgogoro wa kodi. Kariakoo nayo ilipanda juu. Nyumba za Kiswahili zenye uani zimepisha maghorofa ya maduka, na ardhi yake sasa ni ghali mno kwa mtu kuitumia kuchezea.

Marufuku, kwa upande wake, haikuhitaji ruzuku, na imeishi kuliko bendi. Mtumishi wa umma anayesoma makala hii huenda asubuhi amepita kwenye bango la mlangoni mwa ofisi lenye picha za mavazi yasiyoruhusiwa, na atakuwa ameona kwamba picha nyingi ni za mwili wa kike. Kamati za kutafuta vazi la taifa zimeundwa zaidi ya mara moja, zikirudia swali ambalo waandishi wa barua waliliuliza mwaka 1968. Ninapowasikia viongozi wenye umri wa kutosha wakisema vijana wa leo wamepotea, kisha jioni wakiomba wimbo wa Marijani Rajabu katika harusi, huwa najiuliza walikuwa upande gani wa kituo cha mabasi.

Kazi iliyobaki kwetu watafiti ni ya haraka. Sehemu kubwa ya nyimbo imesalimika katika kanda za Radio Tanzania, na barua zimo katika majalada ya magazeti. Kilichokuwa hakijakusanywa vya kutosha ni kumbukumbu za wanawake walioishi mjini humo: walioajiriwa kuhudumu mabaa, waliovaa na walioacha kuvaa, waliocheza na waliokimbia. Walio hai sasa wako katika miaka ya sabini na themanini ya umri wao. Enyi wanafunzi, kama nyumbani kwenu yupo bibi aliyekuwa karani mjini mwaka 1968, msianze kwa kumwuliza bendi gani aliipenda. Mwulizeni kwanza, wiki ile ya Oktoba, alivaa nini kwenda kazini, na alipita njia gani kurudi nyumbani.