Fundi Aliyeficha Pedali Ndani ya Besi Mbona Hatajwi?

Leo kwenye mambo yetu ya watu wasiotajwa tunaingia upande wa muziki, na tunaanza na jina la nyumbani.

Mpenzi yeyote wa rumba ya zamani ukimtajia neno Kasanda, hafikirii kata yetu ya huku Kakonko. Anamfikiria Docteur Nico, mkali wa gitaa la solo kutoka Kongo, ambaye jina lake ni Nicolas Kasanda. Alipiga na African Jazz, baadaye African Fiesta, akafariki 1985. Sifa zake anastahili, hapo hatubishani. Ila gitaa la umeme halilii kwa vidole peke yake. Kuna mtu anachomelea waya, anabadilisha jeki, anafufua amplifaya iliyokufa Ijumaa ili Jumamosi watu wacheze. Huyo jalada la santuri halimtaji. Stori ya leo ni yake.

Tuanze na pedali kwa ambao hawajawahi kuishika. Ni kile kiboksi cha chuma ambacho mpiga gitaa anakikanyaga jukwaani. Kinakaa katikati ya gitaa na amplifaya. Ndani kuna saketi ndogo ya kubadilisha sauti: kuikwaruza, kuipa mwangwi, kuifanya iyumbe. Sasa jiulize, kama ni saketi ndogo tu, kwa nini isiingie ndani ya gitaa lenyewe? Besi ina mwili mkubwa wa mbao, nafasi ipo.

Kuna watu waliwaza hivyo kitambo sana, na chanzo chake ni kifaa kilichoharibika. Mwaka 1961 kule Nashville, Marekani, mwimbaji Marty Robbins alitoa wimbo unaoitwa Don't Worry. Katikati Grady Martin anapiga solo kwa besi ya nyuzi sita. Wakati wa kurekodi, chaneli ya mitambo ya studio ilikuwa mbovu, besi ikatoka inakoroma kama nyuki kwenye debe. Wakaamua kuiacha hivyo hivyo. Wimbo ukahiti, wasanii wengine wakaanza kuitaka sauti ile. Fundi mitambo Glenn Snoddy akakaa chini, akatengeneza saketi ya kuiga ule ubovu, na kampuni ya Gibson ikaichukua. Mwaka 1962 ikaingia sokoni kama Maestro Fuzz-Tone. Zingatia hapo: sauti ya fazi ambayo watu wanaihusisha na gitaa la roki, ilipata umaarufu kwa kupitia besi.

Na mwaka huo huo 1962 Gibson wakatoa besi inayoitwa EB-0F. Ile F ni ya fazi, na saketi yake ilikuwa humo humo ndani ya besi. Huna haja ya kiboksi sakafuni, unawasha kwenye mwili wa besi yako. Watu hawakuielewa. Zikatengenezwa chache, na ilipofika 1965 biashara ikaisha. Halafu cheki bahati mbaya: mwaka huo huo 1965 Rolling Stones wakatoa Satisfaction, gitaa likapita kwenye fazi ile ile ya Maestro, na dunia nzima ikaanza kuzitafuta.

Kitu ambacho kingemfurahisha fundi redio wa huku kwetu ni kwamba ile Maestro ya kwanza haikuwa na maajabu. Transista tatu, vitu vidogo vidogo vya kuzizunguka, na mawe mawili ya kawaida ya volti moja na nusu, kama yale ya tochi. Basi. Vitu vya aina hiyo vipo ndani ya redio mbovu zinazotupwa jalalani kila siku.

Miaka iliyofuata wengine wakaendelea na wazo la kuweka umeme ndani. Alembic, kampuni iliyoanza 1969 kule California, ikajenga jina kwa besi zenye saketi ya kukuza sauti kabla haijafika kwenye waya. Mwaka 1976 Music Man wakatoa StingRay, besi ya kiwandani inayotumia betri ya volti 9 ndani. Leo ukikuta besi ya kanisani ina kibetri mgongoni, ujue ukoo wake unatokea huko.

Sasa turudi Afrika, maana huku watu hawakusubiri katalogi. Kinshasa kulikuwa na mzee anaitwa Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa Konono N°1. Alikuwa anapiga likembe, ile ala ya vijiti vya chuma ambayo majirani zetu wa Burundi wanaiita ikembe. Kelele za mji zikawa zinamzidi. Akachukua sumaku za vipuri vya magari makuukuu, akatengeneza maikrofoni zake mwenyewe, akazifunga kwenye likembe tatu. Moja kati ya hizo ni ya besi. Sauti ikatoka imekwaruzika vibaya, nao wakaikubali, wakajenga muziki wao juu yake. Albamu ya Congotronics ilipotoka 2004, Wazungu wakashangaa. Mwaka 2007 Björk akawaweka kwenye wimbo wake Earth Intruders. Mzee alifariki 2015, na angalau yeye jina lake tunalo.

Wengi hatunao. Pita vijiji vya kwetu, kuanzia Kibondo hadi Kasulu, uwasikilize wanakwaya. Gitaa la mbao, nyuzi za waya wa breki za baiskeli, spika iliyong'olewa kwenye redio, umeme wa sola au wa betri ya gari. Mahali kama hapo, kuingiza saketi ndani ya gitaa si mbwembwe. Kila kiboksi cha pembeni kinataka waya wake, jeki zake, betri yake, na waya ndio unaokatika katikati ya ibada. Kadiri vitu vinavyopungua, ndivyo wimbo unavyofika mwisho.

Sasa kwaya ikitoa video, inashukuru mchungaji, studio, mfadhili, mpaka aliyekodisha gari. Fundi aliyeitengeneza besi inayosikika dakika zote tano hayupo. Kesho akihama au akifa, anaondoka na ujuzi wake, na kijana mwingine anaanza moja.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye chaneli ni moja. Kwenye maelezo ya video, chini ya jina la prodyuza, ongeza mstari mmoja: gitaa limetengenezwa na nani. Mwombe ruhusa, kisha mwandike. Haikugharimu hata bando.

Haya, komenti ziko wazi. Mtaani kwako besi inatengenezwaje?