Elimu ya Kujiokoa katika Ziwa Victoria

Lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi mwezi Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, wasafiri wa Misungwi na Sengerema waliepukana na taabu ya kungoja pantoni. Lakini ziwa halikuhama. Wavuvi wa dagaa wangali wakitoka usiku na taa zao, wala watu wa visiwani hawana njia nyingine ila maji. Kwao swali la kale liko palepale: chombo kikipinduka, ni nani ajuaye la kufanya?

Swali hilo lilijibiwa kwa msiba tarehe 21 Mei 1996. Meli ya MV Bukoba, iliyoruhusiwa kuchukua abiria 430, ilipinduka asubuhi ilipokuwa ikiikaribia Mwanza. Waliokufa wakadiriwa kupita 800. Idadi kamili haikujulikana, kwani abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Meli haikuzama papo hapo. Ilielea tumbo juu, na ndani yake walikuwamo watu wangali hai. Waokoaji wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyonaswa humo, nayo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia meli, ikatoka kwa kishindo. Maji yakapanda, meli ikaenda chini na waliokuwamo. Nia ya wale waliotoboa haina lawama. Kilichopungua ni maarifa, na maarifa hayo yalikwisha kuwako duniani.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, cha abiria 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara. Watu 228 walikufa, 41 wakaokoka. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa fundi mitambo mmoja akiwa hai: alikuwa amekaa mahali palipobaki hewa. Safari hii aliingiliwa kwa chini.

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 wataka baharia afunzwe kuvaa boya, kuruka majini kutoka juu, na kukigeuza chelezo kilichopinduka. Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam hufundisha mambo hayo. Hata hivyo mkataba huo wavitoa waziwazi vyombo vya uvuvi. Basi mvuvi wa Misungwi hujifunza kwa wazee wake, mtumbwini, na abiria hajifunzi popote.