Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania

Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania ni taasisi ya serikali iliyoko jijini Dar es Salaam. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 ili kuwaandaa wahitimu wa shahada ya sheria wanaotaka kuwa mawakili, kwa kuwa shahada peke yake haitoshi.

Mafunzo na mitihani

Wanafunzi husoma mwenendo wa kesi za madai na za jinai, uandishi wa nyaraka za kisheria na maadili ya uwakili, kisha hufanya mazoezi ya kazi. Mitihani hupima uwezo wa kuitumia sheria kuliko kuikariri. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalizua mjadala nchini: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, na walioondolewa 265. Waziri wa Katiba na Sheria, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu.

Maandalizi Shinyanga na Geita

Mhitimu kutoka mikoa hii hubeba gharama za nauli na pango juu ya ada; kufeli humrudisha nyumbani na hasara. Hata hivyo anaweza kuanza kujiandaa mapema. Kwenye eneo la almasi ya Mwadui na dhahabu ya Bulyanhulu na Geita hutokea migogoro ya leseni, ardhi na fidia. Kesi kwa kawaida husikilizwa hadharani, ikiwemo katika Mahakama Kuu Kanda ya Shinyanga. Akishasikiliza, anaweza kujipima kwa kuandika mwenyewe hati ya madai na utetezi wake.