Kasoro za mapigo ya moyo baada ya kubadilishiwa vali kwa mrija

MGONJWA aliyebadilishiwa vali ya aota bila kupasuliwa kifua huweza kuinuka kitandani siku ya pili, akadhani hatari imepita. Hata hivyo, siku zinazofuata huhitaji uangalifu mkubwa, kwa kuwa mapigo ya moyo yaweza kuvurugika.

Vali ya aota ni mlango unaopitisha damu kutoka moyoni kwenda katika mshipa mkuu. Uzeeni, mlango huo huweza kukakamaa kwa chembechembe za chokaa. Mnamo Aprili 16, 2002, mjini Rouen, Ufaransa, Profesa Alain Cribier alimpachika binadamu vali mpya kwa mrija kwa mara ya kwanza.

Vali hiyo hukunjwa, ikapelekwa moyoni kupitia mshipa wa damu, kisha ikafunguliwa ndani ya ile iliyochakaa. Hapo ndipo tatizo huanzia. Chini kidogo ya vali hupita nyuzi zinazobeba umeme unaoamrisha vyumba vya chini vya moyo kudunda. Nyuzi hizo zikigandamizwa au zikivimba, amri huchelewa au hukatika kabisa. Ikikatika, moyo hudunda polepole mno, naye mgonjwa huona kizunguzungu, huzirai au hata hufariki ghafla.

Tiba ya hali hiyo ni kupandikizwa kifaa kidogo chenye betri, kinachochochea mapigo. Katika tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2019, asilimia 6.5 ya waliowekewa vali inayotanuliwa kwa puto walihitaji kifaa hicho katika siku 30 za kwanza, ikilinganishwa na asilimia 17.4 ya waliowekewa vali inayojitanua yenyewe. Miongoni mwa waliopasuliwa kifua, viwango vilikuwa asilimia 4 na 6.1.

Walio hatarini zaidi ni wale ambao njia ya kulia ya umeme wa moyo ilikuwa imeziba tangu awali. Hao hutegemea njia ya kushoto, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na vali mpya.

Kwa hiyo, ni muhimu umeme wa moyo upimwe kabla ya tiba na kila siku hadi mgonjwa aruhusiwe kuondoka. Hitilafu nyingine hujitokeza akiwa tayari nyumbani. Akizirai au akiona kizunguzungu, jamaa zake wasidhani ni uchovu tu, bali wamrejeshe hospitalini mara moja.