Wigi Chini ya Vitenge

Bibi yangu wa Ngara ana wigi moja. Amelificha kwenye kasha, chini ya vitenge, tangu ujana wake.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1, 1969, ikawa marufuku kuvaa mini, suruali za kubana na mawigi, au kupaka krimu za kujichubua. Eti kasumba ya kizungu. Kabla hata tarehe haijafika, Kariakoo, Dar es Salaam, vijana walikwishaanza kuwavamia wasichana kwenye mabasi.

Sawa, wigi likakatazwa. Lakini zile nywele zilizokuwa chini yake, nani alifundisha kuzipenda? Mtaani ziliendelea kuitwa kipilipili, na nywele "nzuri" zikabaki za singa. Ndiyo maana ilipokuja kalikiti ilipokelewa kwa shangwe, na baada yake dawa ya kunyoosha, ambayo ukiichelewesha kuiosha inababua ngozi.

Sisi shuleni tulinyolewa tu. Nilipomaliza kidato cha nne huko Biharamulo nilirudi Ngara na nywele nisizozijua. Nilizichana kavu, kuanzia kwenye shina, huku nalia.

"We mjukuu wangu, unapigana na nani? Njoo ukae."

Akazilowesha, akapaka mafuta ya nyonyo, akachana kuanzia nchani, fungu kwa fungu, kisha akasuka kwa uzi mweusi. Hayakunitoka machozi.

"Na wigi, Bibi?"

"Lipo. Hawakunikamata."